Sura ya Sita: Serikali Zilianguka, Yeye Akabaki

Serikali inapopinduliwa, watu husubiri picha ya kwanza ya wakubwa wapya. Huitazama gazetini au kwenye simu na kuanza kuhesabu sura. Huyu tunamjua, yule mgeni, yule pale alikuwa gerezani mpaka juzi. Halafu mmoja anaweka kidole kwenye safu ya pili na kuuliza swali lisiloisha vijiweni: “Na huyu naye kafikaje hapa? Si alikuwa na wale wa jana?”

Jibu la haraka ni kwamba mtu huyo ni kigeugeu. Jibu la pili, la wale wanaojiona wamepevuka kisiasa, ni kwamba kila mtawala humhitaji mtu anayeijua kazi. Sura hii inamhusu Mfaransa ambaye majibu hayo mawili yanamfaa vizuri, na bado hayamwelezi. Aliitwa Charles-Maurice de Talleyrand-Périgord, na historia imezoea kumwita Talleyrand tu. Alikuwa mwanadiplomasia, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuisemea nchi yake mbele ya nchi nyingine, kwa barua, kwa mazungumzo, kwa mikataba na kwa karamu. Tusidharau karamu.

Hizi ndizo serikali alizozitumikia, na kila moja ilizaliwa kwa kuizika iliyotangulia:

- Ufalme wa kale wa Louis XVI: wakala wa Kanisa, kisha askofu.
- Mapinduzi, 1789 hadi 1792: mbunge, kisha mjumbe London.
- Direktori, yaani utawala wa wakurugenzi watano, 1797 hadi 1799: waziri wa mambo ya nje.
- Napoleon Bonaparte, kwanza kama Konsuli kisha kama Kaisari: waziri yuleyule, mpaka 1807.
- Ufalme uliorejeshwa wa Louis XVIII, 1814 na 1815: waziri, na kwa miezi michache mkuu wa serikali.
- Ufalme wa Louis-Philippe, 1830 hadi 1834: balozi London.

Katika kipindi hicho Louis XVI alikatwa kichwa, viongozi wengi wa Mapinduzi wakakatwa vichwa, na Napoleon akafia kisiwani akiwa mfungwa. Talleyrand alifia kitandani kwake Paris, akiwa na miaka 84 na mali nyingi.

Mtoto aliyepitwa na urithi

Alizaliwa Paris tarehe 2 Februari 1754, katika ukoo wa makabaila wa kale. Mguu wake mmoja ulikuwa na kilema. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alianguka kutoka juu ya kabati alipokuwa kwa mlezi. Wengine wanaamini alizaliwa hivyo. Kwa vyovyote, kijana wa kikabaila alitarajiwa kwenda jeshini, na kijana anayechechemea hakuwa na nafasi huko. Haki zake za mtoto wa kwanza zikapewa mdogo wake, naye akapelekwa seminari.

Wito hakuwa nao, na hakujitaabisha kuuigiza. Alipadrishwa mwaka 1779, na mwaka uliofuata akawa wakala mkuu wa makasisi, mtu anayetetea masilahi ya Kanisa mbele ya serikali ya mfalme. Ilikuwa kazi ya hesabu kuliko sala. Kwa miaka mitano alipitia daftari za mashamba, majengo, mapato na madeni ya taasisi iliyokuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa kabisa wa ardhi nchini Ufaransa. Mwaka 1788 mfalme akamteua kuwa askofu wa Autun, jimbo ambalo alilikanyaga kwa muda mfupi tu.

Mwaka 1789 hazina ya Ufaransa ilikuwa tupu na mfalme alilazimika kuitisha bunge. Tarehe 10 Oktoba, askofu wa Autun alisimama mbele ya wabunge wenzake na kupendekeza kwamba mali ya Kanisa iwekwe mikononi mwa taifa ili kulipa madeni. Pendekezo hilo lilipita tarehe 2 Novemba. Mapadri hawakuamini masikio yao: mtu waliyemlipa kulinda sanduku ndiye aliyeonyesha lilipo.

Hapa kuna jambo ambalo wanaomwita kigeugeu hulipita haraka. Kigeugeu wa kawaida huja kwa mabwana wapya na kelele: anashangilia kuliko waliopigana. Talleyrand hakuwa na kelele. Alikuja na kitu mkononi, na kitu hicho alikuwa amekitoa katika nyumba aliyokuwa akiihama. Tutamwona akifanya hivyo tena na tena.

Tarehe 14 Julai 1790 aliongoza misa kubwa ya taifa katika uwanja wa Champ de Mars, mwaka mmoja kamili baada ya kutekwa kwa gereza la Bastille. Mwaka 1791, akiwa ameshajiuzulu uaskofu wa Autun, aliwaweka wakfu maaskofu walioapa kuitii katiba mpya ya Kanisa, na Papa akamlaani. Ukasisi ukaishia hapo, ingawa Kanisa halikumsahau, na mwishoni kabisa tutaona kwamba hata yeye hakulisahau.

Karatasi yenye sahihi ya Danton

Agosti 1792 umati uliivamia ikulu ya mfalme. Mwanzoni mwa Septemba magereza ya Paris yalivamiwa na wafungwa wakachinjwa kwa siku kadhaa. Watu wa tabaka la Talleyrand walikuwa na njia mbili. Wa kwanza walikimbia usiku, na sheria ikawahesabu kuwa wakimbizi wasaliti: mali ikataifishwa, na anayerudi anakufa. Wa pili walibaki wakitumaini hali itatulia, na wengi wao gilotini iliwatuliza.

Yeye alitafuta njia ya tatu. Akakaa Paris katika siku za hatari kubwa akifuatilia karatasi moja, pasi ya kusafiria iliyosainiwa na Danton, mmoja wa vigogo wa Mapinduzi, ikieleza kwamba anakwenda London kwa amri ya serikali. Alilipia pasi hiyo kwa kalamu yake, kwa kuandika waraka wa kuwaeleza Waingereza kwa nini kumwondoa mfalme kulikuwa halali. Ndipo akaondoka.

Tofauti ya mkimbizi na mjumbe ilikuwa sahihi moja tu, lakini ndiyo iliyomwokoa miaka mitatu baadaye. Desemba 1792 nyaraka zilizogunduliwa katika kabati la chuma la mfalme zilionyesha kwamba Talleyrand alikuwa amejipendekeza kwake pia, na amri ya kumshtaki ikatolewa. Uingereza nayo ikamfukuza mwanzoni mwa 1794. Akapanda meli kwenda Marekani. Danton alipokatwa kichwa Aprili mwaka huo, mwenye pasi yake alikuwa safarini. Philadelphia alifanya biashara ya viwanja, akajuana na Alexander Hamilton aliyekuwa waziri wa fedha, na akachoshwa vibaya na chakula.

Wauaji walipouana wenyewe na hali Paris ikalegea, Talleyrand aliandika ombi kutoka ng’ambo. Hoja yake ilikuwa kavu kama ya karani: sikukimbia, nilitumwa, na ushahidi wenu mnao. Rafiki yake Madame de Staël, mwandishi mashuhuri wa siku hizo, alizunguka kwa wakubwa kumwombea, na Septemba 1795 jina lake likafutwa katika orodha ya wakimbizi. Alirudi Paris mwaka uliofuata, na Julai 1797 akawa waziri wa mambo ya nje.

Kwa ufupi: mpaka hapa amesalimika mara mbili, mara ya kwanza kwa kutoa siri ya hesabu, mara ya pili kwa kuondoka na karatasi. Ushujaa haumo. Wala woga tupu haumo, maana mwoga asingesubiri karatasi.

Waziri anafungua mkono

Lazima tuseme wazi kuhusu pesa. Talleyrand alikula rushwa, na hakuwa na haya. Oktoba 1797 wajumbe watatu wa Marekani walifika Paris kumaliza mgogoro wa meli zao zilizokuwa zikikamatwa na Wafaransa. Mawakala wa waziri wakawaeleza kwamba kabla mazungumzo hayajaanza, kuna pauni 50,000 za kumpa waziri na mkopo mkubwa wa kuipa Ufaransa. Wamarekani walikasirika, nyaraka zao zikachapishwa kwao, na nchi hizo mbili zikapigana baharini mpaka mwaka 1800 bila kutangaza vita.

Wapo wanaosema hayo yalikuwa mazoea ya wakati ule. Ni kweli kwamba wanadiplomasia walipeana zawadi kila mkataba ulipotiwa saini. Lakini kupewa zawadi baada ya kazi ni jambo moja, na kuuza mlango wa kuingilia ni jambo jingine. Hata kwa vipimo vya Paris ya 1797, Talleyrand alizidisha.

Katika mwaka huohuo alifanya jambo lililofika mpaka kwetu. Muda mfupi kabla ya kupata uwaziri, alisoma mbele ya wasomi wa Paris insha kuhusu faida za kupata makoloni mapya, akiitaja Misri. Akiwa waziri alimuunga mkono jenerali kijana, Bonaparte, katika mpango wa kuivamia. Mwaka 1798 jeshi likavuka bahari. Makubaliano yalikuwa kwamba Talleyrand mwenyewe aende Istanbul kumtuliza Sultani wa Uturuki, ambaye Misri ilihesabiwa kuwa yake. Hakwenda. Uturuki ikaingia vitani, na jenerali hakulisahau jambo hilo.

Waingereza waliona kwamba Mfaransa akishika Misri atatazama India, na njia ya India inapita Maskati. Tarehe 12 Oktoba 1798 wakala wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki alifunga mkataba na Sultan bin Ahmad wa Oman, uliomtaka kuwafungia mlango Wafaransa wakati wa vita. Barua ambayo Bonaparte alimwandikia mtawala huyo kutoka Cairo, mapema mwaka 1799, ilinaswa na Waingereza kabla ya kumfikia. Sultan bin Ahmad ndiye baba wa Sayyid Said, yule aliyehamishia makao yake Unguja. Urafiki wa ukoo wao wa Busaidi na Waingereza, ambao ulikuja kuamua mengi katika pwani yetu katika karne iliyofuata, ulianza kwa hofu iliyotoka mezani kwa Talleyrand.

Kumtumikia simba

Direktori ilipooza haraka. Talleyrand alijiuzulu Julai 1799, akakaa nyumbani miezi michache, na Novemba akawa miongoni mwa waliomsaidia Bonaparte kuipindua. Wiki chache baadaye alikuwa ofisini kwake tena. Angalia mpangilio huo: anatoka kwanza, serikali inaanguka baadaye, halafu anaitwa. Anayeitwa huingia kwa masharti tofauti na anayeomba.

Kwa miaka kadhaa wawili hao walifaana. Napoleon alikuwa na nguvu na haraka. Waziri wake alikuwa na adabu za kale na sifa ya kuchelewesha barua kali usiku mmoja ili mwandishi azitafakari asubuhi. Alipata vyeo, alipata kasri la Valençay, na mwaka 1806 akafanywa mtawala wa Benevento. Hakuwa mtu safi hata kidogo: mwaka 1804 mwanamfalme kijana, Duke wa Enghien, alitekwa nje ya mipaka ya Ufaransa na kupigwa risasi, na mkono wa Talleyrand katika ushauri wa jambo hilo haujapata kuoshwa.

Waligombana juu ya jambo moja kubwa: ushindi unatumikaje? Baada ya kuipiga Austria huko Austerlitz, Desemba 1805, Napoleon alitaka kuinyang’anya ardhi na heshima. Talleyrand alimshauri aifanye rafiki, kwa sababu adui aliyedhalilishwa hulipiza, na Ulaya isiyo na uwiano wa nguvu haitulii. Uwiano wa nguvu ni wazo rahisi: pasiwe na taifa moja lenye ubavu wa kuyameza mengine. Napoleon hakusikia. Mwaka 1807 aliidhalilisha Prussia pia, akamkumbatia Mfalme Mkuu wa Urusi, Tsar Alexander, na kuelekeza macho yake Hispania. Agosti mwaka huo Talleyrand akaacha uwaziri.

Mwaka 1808 ikafika zamu ya mji wa Erfurt, Ujerumani, na hapo ndipo penye swali gumu kuliko yote ya maisha yake. Napoleon na Tsar walikutana huko kuanzia mwishoni mwa Septemba. Napoleon alikwenda na Talleyrand ili amsaidie kumfunga Mrusi katika mapatano dhidi ya Austria. Mchana wafalme walipanda farasi, wakatazama maigizo, wakakagua magwaride. Jioni Talleyrand alikwenda kunywa chai sebuleni kwa binti mfalme mmoja wa Kijerumani, na Tsar naye alikuwa anafika hapo. Katika sebule hiyo, mjumbe wa Napoleon alimwambia mgeni wa Napoleon kwamba ni juu yake kuiokoa Ulaya, na kwamba hataweza bila kumkatalia Napoleon. Tsar akaelewa. Asubuhi Napoleon aliposhangaa kwa nini Mrusi amekuwa mgumu, alimuuliza Talleyrand ushauri.

Huo ulikuwa uhaini? Kwa sheria ya nchi yoyote, ndiyo. Yeye alijitetea kwamba Ufaransa na Napoleon ni vitu viwili, na kwamba alikuwa akiiokoa ya kwanza kutokana na wa pili. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa yaliyofuata, vita vya Hispania na kifo cha jeshi zima kwenye theluji ya Urusi mwaka 1812, yaliwamaliza Wafaransa kwa mamia ya maelfu. Lakini mzalendo wetu hakutoka Erfurt mikono mitupu. Alimwomba Tsar amsaidie kumpatia mpwa wake mchumba tajiri, binti wa Kurland aitwaye Dorothea, na ndoa ikafungwa mwaka uliofuata. Baadaye aliwauzia Waaustria taarifa kwa fedha taslimu. Mimi nadhani aliamini kweli alichomwambia Tsar. Nadhani pia hakuona sababu ya kuamini bure.

Januari 1809 Napoleon aligundua kwamba Talleyrand na waziri wa polisi, Fouché, walikuwa wakipanga nani atawale endapo yeye angeuawa vitani. Alirudi mbio kutoka Hispania akamwita Talleyrand mbele ya wakubwa wengine na kumtukana matusi ya kambini, tusi juu ya tusi, huku akimwambia angeweza kumvunja kama kioo. Talleyrand aliegemea meza kwa sababu ya mguu wake na hakujibu neno. Alivuliwa cheo chake cha ikulu. Siku zilizofuata alirudi kwenye hafla za mfalme kama kawaida, akainamisha kichwa kwa heshima zote. Napoleon hakumuua. Inawezekana alidhani atamhitaji tena, na kweli mwishoni mwa 1813, mambo yalipomharibikia, alimwomba arudi uwaziri. Talleyrand alikataa.

Nyumba ya Mtaa wa Saint-Florentin

Tarehe 31 Machi 1814 majeshi ya Urusi na Prussia yaliingia Paris. Mke na mwana wa Kaisari walikuwa wameshaondoka. Napoleon alikuwa njiani, amechelewa. Viongozi wote waliagizwa kuuhama mji. Talleyrand alipanda gari lake la farasi, akafika kwenye kizuizi cha mji, askari wakamrudisha kwa kuwa hakuwa na karatasi kamili, naye akarudi nyumbani bila kubishana sana. Mtu aliyesubiri pasi siku za mauaji ya 1792 safari hii alisahau pasi. Msomaji aamue mwenyewe.

Tsar alilala nyumbani kwake. Humo ndimo mambo yote yalipoamuliwa. Tsar hakuwa na hakika nani atawale Ufaransa. Mwenyeji wake alikuwa na jibu, na jibu hilo lilikuwa na jina lililokuja kuwa silaha yake: uhalali, maana yake kwamba kiti ni cha yule ambaye sheria na urithi vinamtambua, si cha aliyekinyakua. Kwa hiyo warudishwe wafalme wa ukoo wa Bourbon. Tarehe 1 Aprili Seneti ilimchagua kuongoza serikali ya muda ya watu watano, na muda mfupi baadaye ikamvua Napoleon kiti.

Mkataba wa amani aliousaini tarehe 30 Mei ulikuwa wa ajabu kwa nchi iliyoshindwa. Ufaransa ilibaki na mipaka yake ya 1792, hata na nyongeza kidogo, na haikutozwa fidia. Alichokileta safari hii kilikuwa kisingizio kizuri kwa wote: aliyepigana nanyi ni Napoleon, na Napoleon ameondoka.

Vienna bila jeshi

Septemba 1814 mataifa ya Ulaya yalikutana Vienna kuupanga upya ulimwengu wao. Uingereza, Urusi, Austria na Prussia zilikubaliana ziamue zenyewe kisha ziwajulishe wengine. Talleyrand alifika akiwakilisha walioshindwa, hana jeshi la kutisha mtu, ana mpishi hodari na wazo lake la uhalali.

Fikiria kikao cha ukoo cha kugawa shamba la marehemu. Ndugu wanne wakubwa wamejifungia chumbani. Anaingia ndugu wa tano, yule aliyewahi kuwatia hasara, na badala ya kuomba sehemu yake anauliza kwa upole: “Samahani, wazee, kikao hiki kimeitishwa na nani?” Ndivyo alivyofanya tarehe 30 Septemba. Walimpa karatasi iliyowataja wao kuwa “washirika”. Akauliza washirika dhidi ya nani, ikiwa vita vimekwisha na amani imesainiwa. Wakakosa jibu, karatasi ikaondolewa. Mataifa madogo yaliyokuwa yakisubiri nje yalipata msemaji ambaye hayakumtarajia.

Halafu akasubiri wakubwa wagombane, na hawakumchelewesha. Urusi ilitaka Poland, Prussia ilitaka Saxony yote, Austria na Uingereza zikaogopa. Tarehe 3 Januari 1815 Uingereza, Austria na Ufaransa zilisaini mkataba wa siri, kila moja ikiahidi askari 150,000 iwapo vita vitazuka. Miezi tisa tangu majeshi ya kigeni yaingie Paris, Ufaransa ilikuwa imekaa mezani kama sawa na wengine, na kambi ya wanne ilikuwa imevunjika katikati.

Kazi hiyo iliharibiwa na bwana wake wa zamani. Mwishoni mwa Februari 1815 Napoleon alitoroka kisiwa cha Elba, alikopelekwa uhamishoni, na Machi akarudi Paris. Louis XVIII alikimbia kwa haraka mno hata watu wake wakaacha nakala ya mkataba wa siri ofisini, na Napoleon akamtumia Tsar aione. Tangu siku hiyo Mrusi hakutaka kumsikia Talleyrand. Baada ya Napoleon kushindwa vitani Waterloo, Talleyrand alirudi kuongoza serikali kuanzia Julai, lakini Septemba 1815 akalazimika kuondoka. Mkataba wa pili wa Paris, uliosainiwa Novemba bila yeye, uliitoza Ufaransa faranga milioni 700 na kuiwekea jeshi la kuikalia.

Hesabu ya Kilwa

Wanaomsifu kwa mkataba wa Mei 1814 husoma mipaka ya Ulaya tu. Sisi wa pwani hii tuna sababu ya kusoma vifungu vya mbele zaidi. Kwa mkataba huo Ufaransa iliiachia Uingereza Morisi, Rodrigues na Shelisheli, ikarudishiwa kisiwa cha Réunion, wakati huo kikiitwa Bourbon. Tena kulikuwa na kifungu cha nyongeza: Ufaransa ingekomesha biashara ya watumwa, lakini baada ya miaka mitano.

Visiwa hivyo vya miwa na kahawa vilikuwa vimelishwa na watu wetu. Tangu mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alikuwa na mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kwa mwaka. Miaka mitano iliyopatikana mezani Paris ilikuwa kwa Talleyrand jambo dogo la kuwaridhisha wenye mashamba. Ni kweli kwamba Februari 1815 huko Vienna alisaini tamko la mataifa la kuilaani biashara hiyo, na kwamba sheria za Ufaransa zilikuja kuipiga marufuku. Majahazi ya magendo yaliendelea kwenda Réunion kwa miaka mingi, na mkataba ambao Waingereza walifunga na Sayyid Said mwaka 1822 ulilenga hasa kuziba mfereji huo wa kuwauzia Wakristo watumwa.

Katika Shelisheli penyewe alikuwapo mtu mwenye kipaji kama chake, kwa kiwango cha kisiwa. Quéau de Quinssy aliongoza huko kwa niaba ya Ufaransa, akasalimu amri mbele ya manowari za Kiingereza mara kadhaa kuanzia 1794, na kila zilipotweka tanga akaipandisha tena bendera ya Kifaransa. Waingereza waliposhika visiwa moja kwa moja walimbakiza kama hakimu, naye akabadilisha tahajia ya jina lake ifanane na ya Kiingereza. Kaburi lake lipo katika viwanja vya Ikulu, Victoria.

Kwa nini Fouché hakuweza

Fouché naye alizitumikia karibu serikali zilezile, kwa akili isiyopungua. Lakini mwaka 1793, akiwa mbunge, alipiga kura mfalme auawe. Kura hiyo iliandikwa. Wafalme waliporudi walimtumia miezi michache, kisha wakamfukuza nchini, akafa Trieste mwaka 1820.

Mwaka 1793 Talleyrand hakuwapo Ufaransa. Jambo ambalo lingemwangamiza hakuliepa kwa hoja, aliliepa kwa kutokuwa chumbani. Tena Fouché alikuwa mlinzi wa siri za watu, na mtawala akishazijua siri hana haja na mlinzi. Talleyrand alikuwa anajuana na mabalozi na wafalme wa nje, na mali ya namna hiyo haihamishiki kwa amri: kila serikali mpya ya Paris ilihitaji mtu ambaye London na Vienna zingekubali kumfungulia mlango.

Ndiyo maana alivumilia miaka kumi na mitano ya kuwekwa pembeni baada ya 1815. Julai 1830 wananchi wa Paris walimpindua Mfalme Charles X, mrithi wa Louis XVIII, na Louis-Philippe akapanda kitini akiogopwa na Ulaya nzima kama mtoto wa mapinduzi. Alihitaji mtu wa kuwatuliza Waingereza. Akamtuma mzee wa miaka 76. Katika mkutano wa London Talleyrand alisaidia kuifanya Ubelgiji iwe nchi huru bila vita vya Ulaya nzima, na mwaka 1834 akasaini mapatano ya kuziunganisha Ufaransa, Uingereza, Hispania na Ureno. Urafiki na Uingereza ulikuwa ndio wazo alilokwenda nalo London mwaka 1792. Mabwana walibadilika, sera yake ya nje, ukiondoa miaka aliyosukumwa na wengine, ilisogea kidogo sana.

Kwa ufupi, alidumu kwa mambo haya: kutoka kabla ya anguko, kuja na kitu, kuwa na marafiki nje ya uwezo wa bwana wake, na kutoandika jina lake mahali pasipofutika. Uaminifu kwa mtu haumo katika orodha hiyo.

Mkataba wa mwisho

Tarehe 3 Machi 1838 alikwenda kwenye Akademia ya Paris kumwomboleza mwanadiplomasia mwenzake, Reinhard, ambaye naye alipita katika tawala nyingi. Aliwaambia wasikilizaji kwamba diplomasia si sanaa ya hila, na kwamba ikiwa uaminifu unahitajika mahali popote basi ni katika mapatano ya kisiasa. Ukumbi ulimshangilia. Hakuna aliyerekodi nani alicheka.

Lilikuwa limebaki Kanisa. Kwa wiki kadhaa padri kijana, Dupanloup, na Dorothea, yule aliyeletwa na Erfurt, walijadiliana naye kuhusu tamko la kutubu. Alipunguza maneno, akarekebisha sentensi, akaomba muda. Bila sahihi asingezikwa kikanisa. Akisaini mapema angeweza kupona na kuchekwa na Paris nzima. Alipoishiwa nguvu walimhimiza, akajibu kwamba atasaini alfajiri.

Alisaini yapata saa kumi na mbili asubuhi, tarehe 17 Mei. Mfalme Louis-Philippe akaja kumuaga, na mgonjwa, kwa kufuata taratibu za itifaki, akamtambulisha kwa waliokuwamo chumbani. Alasiri akafa. Tamko lenyewe halina tarehe ya siku hiyo. Alipoulizwa liandikwe tarehe gani, alitaka liwe la majuma ya ile hotuba yake Akademia, likaandikwa 10 Machi, ili asitokee mtu wa kusema kwamba Talleyrand aliweka sahihi wakati akili zimekwisha mwondoka.